Mtoto Mzito wa Kuelewa si Mkaidi: Tumtazame Upya, Shuleni na Madrasa

KATIKA wilaya ya Rungwe, mkoani Mbeya, jirani na mji wa Tukuyu, ipo kata iitwayo Mpuguso. Wengi wanaoisikia Mpuguso wakiwa mbali wanaijua kwa jambo moja, nalo ni Chuo cha Ualimu. Vijana wa kike na wa kiume husomea ualimu pale, na wakiajiriwa huweza kupelekwa popote nchini. Mwalimu aliyefanya mazoezi ya kufundisha katika shule za Rungwe mwaka huu, baada ya muda anaweza kuwa ameshika chaki Tandika, Mbagala, Tanga au Ujiji, mbele ya mwanao. Kwa hiyo mzazi wa mjini asidhani kwamba yanayotokea katika darasa la Mpuguso hayamhusu.

Tuchukue mfano wa mtoto wa darasa la tatu katika shule ya kawaida ya maeneo hayo. Huyu si mtoto fulani, ni mfano tu, lakini kila mwalimu atakayesoma makala hii atamtambua. Nyumbani anasema Kinyakyusa. Anachota maji, anakata majani ya ng'ombe, anatumwa dukani na kurudi, na anawasalimu wakubwa kwa adabu. Darasani mambo ni mengine. Anakopi ubaoni kwa mwandiko mzuri, lakini ukimwambia asome alichokiandika, hawezi. Silabi alizofundishwa jana, leo zimetoka zote. Mwalimu akisema, "Toeni madaftari, fungueni ukurasa mpya, andikeni tarehe," yeye anatoa daftari kisha anabaki kutazama. Hana kelele, hapigani, haumwi. Mwalimu anamaliza kwa neno moja: mkaidi.

Suala letu leo ni hili: Je, mtoto huyu ni mkaidi kweli? Na kama sivyo, sisi tunaomwadhibu tutajibu nini mbele ya Allah (s.w.)?

Ni mtoto yupi tunayemzungumzia?

Ifahamike kwanza kwamba ulemavu wa akili si wazimu. Wazimu ni maradhi yanayoweza kumpata mtu mzima aliyekuwa na akili zake timamu, na huweza kutibiwa. Ulemavu wa akili ni hali inayoanza utotoni, ambapo uwezo wa kuelewa, kukumbuka, kupambanua na kujimudu katika maisha ya kila siku unakua polepole kuliko wa watoto wa rika moja.

Hali hii ina viwango. Wapo wenye ulemavu mkubwa ambao kila mtu anawaona. Lakini wataalamu wanakadiria kwamba katika kila watu 100 wenye ulemavu wa akili, 85 hivi wana ulemavu mdogo. Hao ndio tunaowazungumzia. Katika vipimo vya akili ambavyo mtu wa kawaida hupata alama 100 hivi, wao huwa kati ya 50 na 70. Shirika la Afya Duniani, katika orodha yake ya maradhi ya mwaka 1992, lilieleza kwamba mtu mzima wa kundi hili hufikia uwezo wa akili wa mtoto wa miaka 9 hadi 12.

Tuyatafakari maneno hayo. Mtoto wa miaka 12 anajua kusoma, kuandika, kujumlisha na kutoa. Anajua kuswali na kufunga. Anaweza kupika, kushona, kulima, kufuga na kuuza. Maana yake ni kwamba mtoto mwenye ulemavu mdogo wa akili anafundishika. Tofauti ni muda na njia. Kinachomchukua mwenzake wiki moja, yeye kinaweza kumchukua mwezi au zaidi.

Sababu zake ni nyingi. Mtoto kukosa hewa wakati wa kuzaliwa, kuzaliwa njiti, malaria kali iliyopanda kichwani, homa ya uti wa mgongo, utapiamlo, mama kunywa pombe akiwa mjamzito, na tofauti za vinasaba. Ipo pia sababu ambayo watu wa nyanda za juu za kusini wanaifahamu, nayo ni upungufu wa madini joto, uliokuwa ukionekana kwa watu kuvimba shingo. Mama mjamzito akikosa madini hayo, ubongo wa mtoto tumboni huathirika. Ndiyo maana katika miaka ya 1980 vidonge vya madini joto vilianza kugawiwa katika wilaya zilizoathirika, na katika miaka ya 1990 serikali ikataka chumvi ya kula itiwe madini hayo. Mara nyingine sababu haijulikani kabisa. Katika yote hayo, kosa la mtoto liko wapi?

Ulemavu usioonekana

Mtoto asiyeona, mwalimu atajua siku ya kwanza. Asiyesikia, atajulikana ndani ya wiki. Lakini mwenye ulemavu mdogo wa akili ana macho mazuri, miguu mizima na sura kama za wenzake. Hakuna kinachomtambulisha isipokuwa daftari lake, na daftari baya tumezoea kulisoma kama uvivu.

Hata historia ya elimu nchini inaonesha hivyo. Elimu ya wasioona ilianza mwaka 1950 huko Buigiri, Dodoma. Ya viziwi ilianza mwaka 1963 huko Tabora. Wenye ulemavu wa akili walisubiri hadi mwaka 1982. Hata baada ya hapo, vitengo maalumu vilivyofunguliwa katika baadhi ya shule vimekuwa vikiwapokea zaidi wale ambao ulemavu wao unaonekana wazi. Mwenye ulemavu mdogo amebaki katikati. Kwa kitengo maalumu anaonekana mzima mno, na kwa darasa la kawaida anaonekana mzito mno.

Sheria haijamsahau. Tanzania iliridhia Mkataba wa Umoja wa Mataifa wa Haki za Watu wenye Ulemavu mwaka 2009, na Sheria ya Watu wenye Ulemavu ya mwaka 2010 inampa mtoto haki ya kusoma pamoja na wenzake, katika shule za umma na za binafsi. Hilo ni jambo jema. Lakini kukaa darasani si kusoma. Mtoto anaweza kukaa dawati la nyuma miaka saba, akahesabiwa asubuhi na jioni, akatoka hajui kuandika jina la mama yake.

Vikwazo vya darasani

Kikwazo cha kwanza ni wingi wa wanafunzi. Kiwango kilichowekwa na serikali kwa shule ya msingi ni mwalimu mmoja kwa wanafunzi 45. Tangu mpango wa elimu bila malipo ulipoanza mwaka 2016 watoto wengi zaidi wameandikishwa, na hilo ni la kushukuru, lakini madarasa mengi yamekuwa na watoto zaidi ya hao, mengine mara mbili. Mwalimu wa watoto 90 akitaka kumkalia mmoja kwa dakika kumi, wale 89 watafanya nini? Tusimlaumu mwalimu kabla ya kuuona mzigo wake.

Cha pili ni lugha. Mtoto wa Rungwe anayetoka katika Kinyakyusa anakutana na Kiswahili cha vitabuni darasa la kwanza. Mwenzake mwepesi atavuka baada ya miezi michache. Yeye anabebeshwa mizigo miwili kwa pamoja, lugha mpya na somo jipya. Sisi wa mjini tusicheke, kwani tunafanya hivyo hivyo tunapomtoa mtoto mzito kwenye nyumba ya Kiswahili na kumtia katika shule ya Kiingereza, kisha tunashangaa kwamba amekuwa bubu.

Cha tatu ni mtihani. Shule inapimwa kwa ufaulu, na mtoto asiyefaulu upimaji wa darasa la nne hurudia darasa. Akirudia bila kubadilishiwa njia ya kufundishwa, anarudia kushindwa. Anakuwa mkubwa kuliko wenzake, anaona haya, kisha anaacha shule kimya kimya. Ni nadra mtu kumuuliza, kwa sababu kuondoka kwake kumepandisha wastani wa shule.

Cha nne ni fimbo. Kanuni za adhabu ya viboko shuleni zinaweka mpaka wa viboko visivyozidi vinne, kwa kosa kubwa la nidhamu, kwa kuangalia umri na afya ya mtoto, vitolewe na mwalimu mkuu au aliyemruhusu kwa maandishi, na viandikwe kitabuni. Kukosa hesabu hakumo katika makosa hayo. Pamoja na hivyo, ni watoto wangapi wanaochapwa kila siku kwa sababu ya kusahau? Kiboko kinaweza kumfanya mtoto aogope. Hakijawahi kumfanya mtoto aelewe. Na ubongo wenye hofu, hata wa mtu mzima, husahau hata ulichokuwa unakijua.

Cha tano ni kejeli. Taahira, zezeta, punguani, kichwa maji. Majina haya huanzia kwa wanafunzi, wakati mwingine kwa mwalimu mwenyewe, na wakati mwingine, inasikitisha kusema, kwa mzazi. Allah (s.w.) ametukataza katika Suratul Hujurat (49:11) watu kuwadharau wenzao na kuitana kwa majina mabaya, akatukumbusha kwamba anayedharauliwa huenda akawa bora kuliko anayedharau. Aya hii hatuwezi kuisoma msikitini kisha tukaiacha mlangoni.

Na madrasa zetu je?

Ni rahisi kuilaumu serikali. Tugeuke tujitazame wenyewe.

Madrasa zetu nyingi hazibanwi na mtihani wa taifa, wala kipindi cha dakika arobaini. Hakuna mkaguzi anayetudai tumalize kitabu mwezi Novemba. Kwa maneno mengine, sisi tuna kile ambacho mwalimu wa shule hana, nacho ni muda. Madrasa ndipo mahali ambapo mtoto mzito angepumua. Je, ndivyo ilivyo? Wapo maustadhi wenye subira kubwa, Allah awalipe. Lakini wapo pia wanaomchapa mtoto kwa kushindwa kutofautisha sini na shini, wakidhani wanaitetea Qur'an. Matokeo yake mtoto anajifunza jambo moja tu, kwamba nyumba ya dini ni mahali pa maumivu.

Shule zetu za Kiislamu nazo zina lao. Nyingi humfanyia mtoto usaili kabla ya kumpokea, na wastani ukishuka anatakiwa kuhama. Baraza la Mitihani liliacha kutangaza shule bora mwaka 2023, lakini mabango ya kujisifu kwa ufaulu bado yapo barabarani. Hatusemi ufaulu ni jambo baya. Tunauliza: Shule inayochagua wepesi tu na kuwaondoa wazito, imefundisha nini hapo?

Mafundisho ya Mtume (s.a.w.)

Katika hadithi iliyopokewa na Bukhari na Muslim, Mtume (s.a.w.) alimwagiza anayeswalisha watu afanye swala iwe nyepesi, kwa kuwa nyuma yake wapo wadhaifu, wagonjwa na wazee. Tuzingatie mantiki ya agizo hili. Imamu hakuambiwa wenye nguvu waende zao kwanza. Hakuambiwa wadhaifu watengewe msikiti wao. Aliambiwa aangalie nyuma, na mwendo wa jamaa yote umzingatie aliye dhaifu. Mwalimu darasani ni kama imamu. Akijua nani yuko nyuma yake, ataijua kasi inayofaa.

Muslim amepokea kutoka kwa Anas (r.a.) habari ya mwanamke wa Madina ambaye akili yake ilikuwa na kasoro. Alimwendea Mtume (s.a.w.) akasema ana haja naye. Mtume hakumpeleka kwa mtu mwingine wala hakumwambia arudi kesho. Alimwambia achague njia yoyote aitakayo ili amtimizie haja yake, akaenda naye pembeni, akamsikiliza mpaka akamaliza. Huyu ni kiongozi wa umma mzima, na huyu ni mwanamke ambaye wengi wangempita. Sisi tunaosema hatuna muda wa kumsikiliza mtoto wetu mwenyewe, tuna shughuli kubwa kuliko za Mtume?

Hadithi ya tatu ndiyo inayogusa kabisa maudhui yetu. Katika vitabu vya Sunan, Anas (r.a.) anasimulia juu ya mtu mmoja aliyekuwa dhaifu wa kupambanua, naye alikuwa akifanya biashara na watu wakimpunja. Jamaa zake walimwendea Mtume (s.a.w.) wakaomba amzuie kabisa kufanya biashara. Mtume alimwita akamkataza. Yule mtu akasema hawezi kuvumilia kuacha biashara. Ndipo Mtume (s.a.w.) akamwelekeza kwamba akiuza au kununua, aseme wazi kuwa hapana kudanganyana. Katika mapokezi mengine alipewa pia siku tatu za kuamua kama ataendelea na alichonunua au atakirudisha.

Tuitazame hekima hii kwa makini. Jamaa waliona njia moja tu ya kumhifadhi ndugu yao, nayo ni kumfungia. Mtume (s.a.w.) alimsikiliza mwenyewe mhusika, kisha akampa tamko fupi analoweza kulikumbuka, na muda zaidi kuliko wengine. Akabaki sokoni pamoja na watu, akiwa na kinga. Wataalamu wa leo wanaiita elimu jumuishi. Msingi wake ni huo huo: usimtoe mtu katika jamii kwa sababu ya udhaifu wake, mpe nyenzo na muda.

Tufanye nini?

(i) Mzazi asifiche wala asikate tamaa. Ukiona mtoto amechelewa kuzungumza, hawezi kufuata maagizo mawili kwa pamoja, anapenda kucheza na wadogo zake tu, au anasahau kila anachofundishwa, mpeleke hospitali. Apimwe kwanza macho na masikio, kwani wapo wanaoitwa wazito kumbe hawaoni ubao. Aangaliwe pia kama ana kifafa. Kisha nenda kwa mwalimu mkuu na kwa afisa elimu kata, uulize ilipo shule yenye mwalimu wa elimu maalumu. Walimu wa fani hiyo huandaliwa katika vyuo kama Patandi, mkoani Arusha. Kukimbilia kwa waganga ukidhani ni jini kutakupotezea miaka ambayo mtoto angekuwa anafundishwa.

(ii) Mwalimu agawe somo vipande vidogo. Atoe agizo moja kwa wakati. Atumie vitu kabla ya tarakimu. Mtoto wa Tukuyu aliyezaliwa katikati ya migomba ataelewa kutoa kwa ndizi: zilikuwa kumi, tumekula tatu, hesabu zilizobaki. Amkalishe mbele, karibu na mwenzake mpole wa kumsaidia. Arudie leo, kesho na wiki ijayo. Na akifanya vizuri hata kidogo, amsifu mbele ya wenzake. Haya hayahitaji bajeti, na yatawafaa pia wale wasio na ulemavu.

(iii) Ustadhi amfundishe kwa kusikia na kutenda. Sura fupi isomwe pamoja naye aya moja kwa siku nyingi, bila kuona haya ya kurudia. Udhu afundishwe penye maji, si ubaoni. Swala aifuate safuni kwa kumtazama mkubwa wake. Allah (s.w.) haikalifishi nafsi zaidi ya uwezo wake (2:286). Mipaka ya wajibu wa kila mmoja waulizwe wanavyuoni, lakini kumfundisha kile anachokiweza ni haki yake kwetu.

(iv) Misikiti na taasisi zetu zifikirie baada ya shule. Kijana huyu akifikisha miaka kumi na mitano bila kusoma wala ufundi, mtaa unamsubiri. Wa kiume atatumiwa na wezi, yeye akamatwe na wao wakimbie. Wa kike ni windo la watu waovu, kwani anaamini kila anachoambiwa na hajui namna ya kushitaki. Kwa hiyo afundishwe mapema na kwa maneno ya wazi ni nani asimguse na kwa nani akimbilie. Na apewe kazi ya mikono: cherehani, bustani, kuku, mapishi, useremala. Sadaka inayonunua cherehani moja kwa binti wa namna hii si ndogo mbele ya Mola wake.

(v) Na shule zetu za Kiislamu zianze walau kwa hatua moja. Kila shule iwe na mwalimu mmoja aliyepata mafunzo ya elimu maalumu, na itenge nafasi chache kwa watoto hawa bila kuwapima kwa wastani. Hesabu ya ufaulu itashuka kidogo, lakini ipo hesabu nyingine ambayo haitangazwi na Baraza la Mitihani.

Hitimisho

Turudi kwa mtoto wetu wa darasa la tatu. Wataalamu wanakadiria kuwa katika kila watu 100 mmoja hivi ana ulemavu wa akili, na wengi wa hao ni wa kiwango kidogo. Katika shule ya watoto 800, basi, huenda wapo saba au wanane kama yeye. Wapo Mpuguso, wapo Temeke, wapo katika madrasa iliyo nyuma ya nyumba yako. Kesho asubuhi mwalimu atauliza swali, na mmoja wao atasimama asijue la kujibu. Wakati huo mwalimu atakuwa na mambo mawili ya kuchagua, fimbo au kurudia swali kwa maneno mepesi zaidi.

Ndugu Waislamu, watoto ni amana, na amana itaulizwa. Hatutaulizwa kwa nini mtoto huyu hakuwa wa kwanza darasani. Tutaulizwa tulimfanyia nini kwa kadiri ya alichopewa yeye, na kwa kadiri ya tulichopewa sisi.

Tunamuomba Allah (s.w.) awape subira wazazi wenye watoto hawa, awape walimu wetu macho ya kuwaona, na atujaalie tuwe miongoni mwa wanaowahurumia wadhaifu.

Wabillahi tawfiq.